Bwana Mgongo

Mimi shule niliishia darasa la pili. Anayetaka kujua kifua kikuu kinaingiaje mwilini na kinatokaje, akamwulize daktari. Mimi nitasema nilivyougua na nilivyopona, basi.

Naandika kwa sababu nimekasirika. Mimi ni muuza mbao hapa Mafinga, na juzi nimemuuzia baba mmoja mbao za jeneza la binti yake. Binti alikuwa na ugonjwa ule ule niliougua mimi. Walipotandua kitanda wamekuta dawa chini ya godoro, hazijamezwa, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeweka akiba. Sikulala na hasira hiyo bure, nimeshika kalamu.

Mimi nilipona kwa sindano, kwa unga mchungu, na kwa mgongo wa mtu mmoja. Sindano na unga nyie mnapewa, tena vyenu vya siku hizi ni vizuri kuliko vyetu. Ni huo mgongo ninaotaka kuueleza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa milimani juu ya Mbalizi, kwenye familia ya Wanyakyusa waliohamia huko kutafuta ardhi. Mume wangu alikuwa amekwenda kusini kwenye migodi, kama vijana wote. Nilibaki na mama mkwe, mashemeji wawili, na baba mkwe.

Sasa niwaeleze watoto wa leo. Kwetu sisi zamani, mkamwana alikuwa haonani na baba mkwe wake. Sisemi kwamba hawasalimiani. Hawaonani. Ukimsikia anakohoa njiani, unaacha njia, unaingia kwenye mahindi, unainama na kufunika uso mpaka apite. Huingii alipo. Humpiti. Hutaji jina lake, na neno linalofanana na jina lake unalikwepa, unatafuta lingine. Jina la baba mkwe wangu kwa lugha yetu lilitokana na neno rehema. Siliandiki hapa. Nimezeeka bila kulitaja, sitaanza leo. Lakini mfikirie: tangu siku niliyoolewa nikawa siwezi hata kumwomba Mungu rehema kwa lugha ya mama yangu. Nikawa naiomba kwa Kiswahili. Kiswahili changu chote wakati huo kilikuwa cha kuuzia viazi Mbalizi, na hilo neno moja.

Kwa hiyo kwa miaka mitatu ya ndoa, baba mkwe nilikuwa namjua kwa mgongo tu. Akishapita, nikiinua kichwa, ndio naona mgongo unakwenda. Ulikuwa mgongo mpana, na bega la kulia limeshuka chini kuliko la kushoto. Alikuwa mpasua mbao. Wakati ule hatukuwa na mashine kule. Gogo linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, wanavuta msumeno. Wa juu anafuata mstari na kuvuta hewa safi. Wa chini anakula vumbi. Baba mkwe pamoja na umri wake alikuwa mtu wa chini, kwa kupenda mwenyewe. Alisema mwenzake ana macho mabovu, na vumbi litayamaliza.

Alikuwa mzee wa kanisa, ana mke mmoja, na Jumapili msumeno haukuguswa hata kama lori la mbao linasubiri. Mawe ya kanisa letu aliyabeba kutoka mtoni kwa bega hilo hilo. Hakuwa mtu wa maneno. Nyumba niliyoolewa ndani yake alimjengea mwanawe kwa mikono yake, na siku walipomaliza kuezeka hakukaa kwenye pombe, aliomba, akala, akaenda kulala.

Ugonjwa ulianza na baridi ya mwezi wa sita. Kikohozi kila mtu anacho mwezi huo, sikujali. Halafu jasho likaanza, nikilala naamka nguo zimelowa. Halafu bangili. Nilikuwa na bangili ya shaba niliyoingiziwa mkononi kwa mafuta siku ya harusi, haitoki. Asubuhi moja naosha viazi, ikateleza yenyewe ikaanguka kwenye maji. Niliiokota nikaificha. Huo ndio ujinga wa kwanza wa mgonjwa: kuficha dalili kama vile ameiba.

Damu sikuweza kuificha. Tulikuwa tunachuma pareto, kikapu kimejaa maua meupe, nikakohoa ndani yake. Mama mkwe akatazama kikapu, akanitazama mimi, akakaa chini palepale shambani.

Alitaka mganga. Mashemeji walianza kukaa mbali, sahani yangu ikawekwa peke yake. Siwalaumu, waliogopa. Nikalala ndani siku nne. Siku ya tano, asubuhi, nikasikia nje ya ukuta baba mkwe anaongea. Lakini hakuna aliyemjibu. Alikuwa anaongea na fimbo yake.

"Fimbo," alisema, "kesho tunakwenda Mbeya hospitali. Sisi tutatangulia. Kama kuna mtu atatufuata nyuma, hatutageuka kumtazama."

Mama mkwe alitoka nje kama nyuki. Alimwambia watu watasema nini, mzee mzima wa kanisa kusafiri na mkamwana, si afadhali ampeleke shemeji. Alimwambia amegeuka mbeba mkoba wa mke wa mtoto wake. Baba mkwe alimwacha amalize. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo wajukuu zangu wananiomba niwarudie.

"Mkamwana ananiheshimu kwa kunikimbia. Sasa akifa, nani atanikimbia?"

Mama mkwe hakupenda kucheka, lakini alicheka. Kisha akaingia kunifungia nguo, analia.

Tulishuka mpaka barabarani Mbalizi kwa miguu. Mtu mzima mwenye afya hutembea njia ile asubuhi na kurudi mchana. Sisi ilituchukua kutwa nzima. Yeye mbele, hatua kama thelathini, mimi nyuma nimejifunika kanga mpaka machoni. Nikikohoa anasimama. Nikikaa chini, nasikia anaiambia fimbo, "Tupumzike, fimbo, umechoka wewe." Mara moja nikashindwa kuinuka kabisa. Nikaogopa ataendelea bila kujua. Basi na mimi nikatafuta wa kumtuma. Nikasema kwa sauti, "Furushi, mwambie fimbo miguu imekataa." Akarudi kinyumenyume, nawaambia ukweli, kinyumenyume kwenye mteremko ule, mpaka karibu yangu, akaiacha fimbo chini na kuondoka tena mbele bila fimbo. Niliishika, nikainuka.

Pale Mbeya tulikaa kwenye benchi la hospitali siku mbili. Kungoja ni kazi, msidharau. Unajua kila ufa wa sakafu. Unajifunza nani anakohoa kikohozi kama chako, na unamchukia. Yeye hakukaa ndani. Alikaa nje chini ya dirisha, mgongo kwangu, anakula mahindi ya kuchoma, na kila alipomaliza upande mmoja, upande wa pili aliuweka kwenye kizingiti cha dirisha bila kugeuka. Nilikuwa nauchukua.

Siku ya pili ndio karani akaniita. Alikuwa kijana wa mjini, Mwislamu mwenye asili ya pwani, kofia safi, mwandiko mzuri. Akaniuliza jina langu, akaandika. Akaniuliza nimekuja na nani. Nikavuta kanga usoni.

"Mama, msimamizi wako ni nani? Aliyekuleta."

Nikasema baba wa mume wangu.

"Anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Akadhani sisikii, akapaza sauti. Watu wakageuka. Kumwambia jina siwezi, kumweleza mila zetu Kiswahili sina. Nikanyoosha kidole dirishani nikasema, "Yule pale. Mwenye mgongo."

Akachungulia, akauona mgongo, akaridhika. Akaandika: Bwana Mgongo.

Na hilo ndilo jina lililokwenda nami kwenye karatasi zote. Mbeya hapakuwa na nafasi ya kulaza watu wa ugonjwa wangu kwa muda mrefu, wakanipeleka Iringa, kwenye hospitali moja ya wamisionari, na karatasi zikasema msimamizi wa mgonjwa ni Bwana Mgongo. Baba mkwe alikuwa chini ya dirisha, alisikia yote. Hakusahihisha. Mzee aliyejenga kanisa alikubali kuitwa jina la kiungo cha mwili ili mimi nisiaibike.

Iringa nilikaa misimu ya mvua miwili. Wodi ilikuwa na baraza ndefu, vitanda vinatolewa nje asubuhi tupate jua. Nilifika wakati wa vumbi. Sindano ilikuwa kila asubuhi, kwenye tako, leo kulia kesho kushoto, mpaka nyama ikawa ngumu kama nyayo. Halafu unga wa kumeza, unaletwa kwenye vikaratasi, unakorogwa na maji kikombe kizima, mchungu unaokwangua koo. Halafu kopo la kutemea lenye kifuniko, ambalo ndilo mali yako ya kwanza hospitalini. Sikuhesabu tarehe, nilihesabu sindano. Sindano ya thelathini, jasho likakoma. Sindano ya hamsini, nikasikia njaa, njaa ya kweli, nikalia kwa furaha ya kutaka ugali.

Kitanda cha jirani alilala Bi Mwanaidi, mfanyabiashara wa Iringa mjini, mwanamke mnene aliyekondeana na ngozi ikabaki kubwa. Alikuwa na mdomo, huyo. Aliponiona naomba jioni, akaniuliza kwa nini nasema Kinyakyusa chote halafu katikati nasema rehema. Nikamweleza kwa Kiswahili nilichokwisha kuokota wodini. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mwenzangu," akasema, "wewe ukimwomba Mungu rehema kwenu, anakuja mkweo." Chai yake ya tangawizi alininywesha bila kuogopa kikombe. Wote tulikuwa wagonjwa, tuogopane nini?

Baba mkwe hakurudi nyumbani. Alitafuta kazi ya kupasua mbao huku Mufindi, akaingia tena shimoni, ili awe karibu. Jumamosi akimaliza kazi anapanda lori la mbao mpaka Iringa. Jumapili baada ya ibada anakuja, anakaa chini mbele ya baraza yetu, mgongo kwetu, anaimba nyimbo za kanisani kwa Kinyakyusa. Hakuwa na sauti nzuri. Haidhuru. Bi Mwanaidi alikuwa akisema, "Haya, mgongo wako umefika, jitandie vizuri." Wodi nzima wakamzoea. Wahehe waliokuja kuwaona ndugu zao walimpa viazi. Jumatatu alfajiri anarudi na lori. Sijawahi kumsikia akisema amechoka. Aliyeniambia ni mikono yake: mara moja aliacha fimbo barazani, nikaishika, ilikuwa na damu ya malengelenge.

Sindano ya mia na kitu, masikio yakaanza kulia, kama panzi ndani ya kichwa. Halafu kizunguzungu. Nikitembea nashika ukuta, wageni wanadhani nimelewa. Sikio la kushoto likafa, mpaka leo halijarudi. Jumapili moja nikaona mgongo umekaa pale na sikusikia wimbo. Nilidhani amenyamaza. Kumbe anaimba. Nikageuza kitanda, nikaweka sikio la kulia upande wake. Nesi wetu, Dada Melania, aliponikuta nasukuma kitanda alinigombeza, kisha akasaidia kusukuma.

Sasa nafika kwenye ujinga wa pili, ambao ndio ulimuua binti wa juzi. Nilinenepa. Kikohozi kikaisha. Bangili niliyoificha nikaivaa tena, ikashika mkono. Nikajiona nimepona. Mwili ukishapata nguvu unaanza kuuliza, sindano hizi za nini tena? Na wakati huo huo wifi yangu, dada wa mume wangu aliyeolewa kijiji cha jirani, akaja kunitembelea, akanipa salamu za nyumbani, na barua ya mume wangu akanieleza. Aliandika kutoka migodini kwamba amesikia mke wake ameoza kifua, hatazaa, na watu wanasema baba yake anamfuata mkamwana nchi nzima. Kwa hiyo akirudi ataoa mwingine.

Sikulia. Nilianza kuweka unga wangu chini ya godoro, kikaratasi baada ya kikaratasi. Nilitaka nirudi kwangu kabla hajaingia mwingine nyumbani mwangu. Nikafunga furushi. Nikachagua Jumatano, kwa sababu Jumatano baba mkwe yuko shimoni Mufindi.

Lakini Dada Melania alikuwa ameona vikaratasi chini ya godoro, na furushi limefungwa, siku ya Jumatatu. Hakuniambia neno. Alimwita dereva wa lori la mbao, akamwambia, ukifika Mufindi mtafute Bwana Mgongo, umwambie mgonjwa wake anataka kutoroka. Dereva alipita kwenye mashimo ya wapasuaji anauliza Bwana Mgongo yupo. Wakamcheka. Wapasua mbao wote ni migongo, wakamwambia, achukue wowote. Mpaka kwenye shimo moja, sauti ikatoka chini, ndani ya vumbi: "Ni mimi."

Jumatano asubuhi, wenzangu wanapotolewa juani, nikapita nyuma ya jiko na furushi langu. Kutoka hospitali kwenda barabara kuu kulikuwa na njia moja nyembamba, huku mtaro, huku ua wa michongoma. Nikapiga kona.

Alikuwa ameketi katikati ya njia. Mgongo kwangu, uso kwenye barabara, fimbo imelazwa mapajani, kutoka mtaroni mpaka michongomani hakuna pa kupita. Nguo zimejaa unga wa mbao.

Nikasimama. Mkamwana hampiti baba mkwe. Hata kama nyumba inaungua, hampiti.

"Fimbo," akasema, "kuna mtu nyuma yetu ana haraka. Mwambie njia ni ya serikali, apite tu."

Alijua siwezi. Nilimkasirikia sana, nasema kweli. Nikajibu, "Furushi, mwambie fimbo mume wangu anaoa mwingine. Nikae hapa namngoja nani?"

Akapangusa unga wa mbao kwenye fimbo. Kisha akasema taratibu, "Fimbo, mwambie furushi barua hiyo na mimi nimesomewa. Nimejibu. Nimesema anayetaka kuoa mwingine akajenge kwingine. Nyumba ile niliijenga mimi, na mwenye nyumba yuko Iringa anatibiwa."

Nikaweka furushi chini.

"Mwambie tena. Gogo likipasuliwa nusu likaachwa, linajipinda. Halifai ubao, halifai nguzo. Mimi sijaacha gogo nusu tangu nizaliwe. Na leo sina haraka, nimeomba ruhusa."

Akaanza kuimba, vibaya kama kawaida, na safari hii kwa sauti kubwa, kwa ajili ya sikio langu. Nilisimama pale mpaka jua likafika utosini. Malori yalipita barabarani, niliyasikia moja moja, na kila moja lilikuwa linakwenda Mbeya bila mimi. Mwisho nikageuka, nikarudi wodini. Hakugeuka kuhakikisha. Dada Melania alikuwa amenisubiri mlangoni na kikombe cha unga. Nilikunywa mbele yake, na vya chini ya godoro nikampa.

Nilimaliza. Masika ya pili yalipokwisha, picha ya kifua ikaonekana safi, makohozi safi. Bi Mwanaidi alikuwa ametangulia kutoka, kwa miguu yake, mnene tena. Siku yangu ya kuondoka, karani wa pale akasimama barazani na karatasi, akaita, "Bwana Mgongo!" Mzee pale chini akajibu, "Naam," akainuka, akapita kinyumenyume mpaka mezani akaweka dole gumba lake kwenye karatasi bila kunitazama. Wodi nzima wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga, nikamwomba Mungu rehema kwa Kiswahili, nikijua vizuri naomba kitu ambacho nimeshapewa.

Mume wangu alirudi mwaka uliofuata. Hakujenga kwingine. Alipiga magoti mbele ya baba yake, kisha mbele yangu, na mimi nilimwacha apige magoti muda wa kutosha. Tulizaa watoto watano. Mbao nilijifunza kwa wapasuaji wa Mufindi, nikahamia huku, na nilichonacho nimekipata kwa jasho langu. Sikudhulumu mtu.

Baba mkwe alifariki mzee, usingizini, siku ya Jumamosi, kazi yake imekwisha na msumeno umeshapakwa mafuta. Kwenye msiba mchungaji akaniambia, mama, mila hizo zimekwisha, njoo umuage, umwone uso. Nikamwambia asante, hapana. Nilibaki nje na kanga yangu usoni mpaka jeneza lilipopita.

Kwa hiyo mgonjwa unayesoma, meza dawa zako zote. Na kama una mtu anayekaa katikati ya njia yako na kukuudhi, usimruke.

Watu wanasema uso wa baba mkwe wangu ameuchukua mwanangu wa tatu, yule fundi seremala, macho yale yale, pua ile ile. Mimi sijui, siwezi kukataa wala kukubali. Lakini bega lake la kulia limeshuka. Nikimkumbuka mzee, namwita yule mwanangu aje karakana, namwambia, "Hebu geuka kidogo, baba." Anageuka, amezoea. Namtazama mpaka nishibe.